MAKONGOLOSI: MJI USIONUNUA BILA KUPIMA

Msafiri atokaye Mbeya mjini kwenda Makongolosi hupanda kwanza ndipo ashuke. Gari huziacha nyumba za mwisho za mji, likaanza kuikwea safu ya milima iliyo nyuma yake kwa mwendo wa kobe, misonobari ikiwa huku na huku, na abiria wakifunga vioo mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya ukungu. Huko juu pana mahali ambapo ardhi hukatika ghafla, na bonde la Usangu huonekana limetandikwa chini kama mkeka. Wageni wa zamani walipaita Mwisho wa Dunia. Siku niliyopita mimi, mwishoni mwa Juni, sikuuona mwisho huo wala mwanzo wake. Niliuona ukungu tu, na kisogo cha mama aliyekaa mbele yangu. Kisha barabara huteremka, makoti huvuliwa, na kabla ya kufika Chunya msafiri amekwisha ingia nchi nyingine kabisa: miti ya miombo, vumbi jekundu na mabani ya kukaushia tumbaku. Safari yote haizidi sana kilomita 100, nayo siku hizi ni lami tupu hadi Makongolosi.

Nilikuwa na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa mkoba wa nguo, nao uliwekwa juu ya gari bila heshima yoyote. Wa pili ulikuwa picha iliyowambwa juu ya fremu ya mbao, ambayo niliipakata magotini tangu stendi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ilimwonyesha mama wa makamo aliyeinama kando ya mto, karai mikononi, akiosha dhahabu wakati jua linazama. Ilikuwa zawadi ya baba yangu mdogo, ambaye ameishi Makongolosi tangu ujana wake, na ambaye sikuwa nimemtembelea kwa miaka saba.

Niliinunua jana yake katika duka moja mjini Mbeya, ambalo sitalitaja. Muuzaji, kijana mtanashati mwenye maneno matamu, aliniambia kwamba picha ile imechorwa kwa mkono na binti yatima wa huko huko machimboni, ambaye hakubahatika kwenda shule ila Mungu alimjalia kipaji. Kwamba kila picha humchukua wiki mbili. Na kwamba sehemu ya fedha humfikia mwenyewe. Alitaka shilingi 90,000. Nilimshusha hadi 75,000, nikatoka dukani nikijiona mwerevu na mwenye huruma kwa wakati mmoja. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nusu ya fedha ile niliilipia picha, na nusu nyingine nilimlipia yule binti.

DHAHABU NA WATU WAKE

Kuijua Makongolosi yafaa kurudi nyuma kidogo. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuma miaka ya 1920. Mji wa Mbeya wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1927, ulinenepa kwa mvumo huo. Katika miaka ya 1930 Wazungu watafuta dhahabu walitapakaa katika mito na vijito vya Lupa, na kazi ya jasho ikafanywa na vibarua wa Kiafrika, wengi wao Wanyakyusa walioshuka kutoka Rungwe kutafuta fedha ya kodi, ya nguo na ya ng'ombe wa mahari. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na kikohozi, baiskeli moja na hadithi nyingi. Na ni hadithi hizo zilizomvuta baba mdogo, naye akaja na hakurudi.

Machimbo mashuhuri ya enzi hizo kama Saza sasa yamo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa mwaka 2016. Makongolosi imebaki Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Ni mji mdogo, uliokaa kando ya barabara iendayo Rungwa na Itigi hadi Singida. Mgeni huusikia kabla ya kuuona. Makarasha, yaani mitambo ya kusagia mawe, hunguruma toka alfajiri, na vumbi lake hukaa juu ya majani ya miembe kama unga juu ya nguo za msagishaji. Kando ya makarasha ipo mialo, ambamo unga wa mawe humwagiliwa maji juu ya mteremko uliotandikwa magunia, mchanga ukachukuliwa na maji na dhahabu ikanaswa. Madukani huuzwa koleo, kamba, taa za kichwani na viatu vya mpira. Vijana wenye nguo zilizoganda tope hula wali kwa mama ntilie huku wakizungumza habari za mamilioni, na mfukoni wana nauli ya bodaboda tu; au kinyume chake. Huwezi kumjua mtu kwa mavazi.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote, nalo ni jinsi kila mtu anavyopima. Makongolosi neno la mtu si kitu mpaka mizani iseme. Mchimbaji akileta punje yake kwa mnunuzi, hata kama ni shemeji yake, ile punje itasuguliwa juu ya jiwe jeusi, ikaacha mstari. Kando yake utachorwa mstari mwingine kwa dhahabu ambayo ubora wake unajulikana. Kisha litadondoshwa tone la asidi. Mstari wa shaba nyeupe au nyekundu huchemka na kutoweka. Wa dhahabu hubaki. Asiyeridhika hupima uzito wa kitu hewani, kisha ndani ya maji. Kwa maana dhahabu ina uzito wa zaidi ya mara 19 wa maji ya ujazo ule ule, wakati shaba haifiki mara 9 na risasi haifiki 12. Tangu serikali ianzishe masoko ya madini mwaka 2019, likiwamo la Chunya, kuna na mashine ambayo hupiga mionzi juu ya kipande na kutaja kilichomo bila hata kukikwaruza. Watu hawa wamedanganywa vya kutosha katika karne nzima ya dhahabu, na wamejifunza.

KHANGA ISIYO NA JINA

Baba mdogo aliipokea picha kwa mikono miwili. Alipiga msumari ukutani mwenyewe, akakataa msaada, akaitundika juu ya kabati la vyombo, mkabala na mlango ili kila aingiaye aione. Nilimsimulia habari za yule binti yatima. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Mwanangu, umefanya jambo," alisema. "Tena wa huku huku kwetu! Kesho nitauliza anakaa wapi, tukamsalimu."

Mama mdogo hakusema kitu usiku ule. Taa ilikuwa hafifu, naye alikuwa na chakula jikoni. Lakini asubuhi, jua lilipoingia kwa mlango wazi, nilimkuta amesimama mbele ya picha, ufagio mkononi, amekunja uso kama mtu asomaye barua yenye mwandiko mbaya.

"Mwanangu, shule umesoma wewe. Hebu nisomee hii khanga."

Yule mama wa kwenye picha alikuwa amejifunga khanga, na katika pindo lake, kama ilivyo ada, yalikuwapo maandishi. Nilisogea. Niliziona herufi: K, au kitu kifananacho na K, kisha A mbili zilizogandana, kisha alama ambayo si herufi ya lugha yoyote niijuayo. Kwa mbali ulionekana msemo kamili. Kwa karibu haukuwapo.

"Hii khanga haina jina," akasema mama mdogo. "Ina wino. Mtoto gani wa kike atachora khanga asijue kwamba khanga husomwa?"

Nikamjibu kwamba binti hakwenda shule. Akanitazama kwa huruma.

"Haya, shule hakwenda. Na mtoni je?"

Mama mdogo aliosha dhahabu miaka mingi kabla magoti hayajamshinda. Alichukua sinia, akainama palepale sebuleni, akanionyesha. Karai hushikwa kwa mikono yote miwili, likainamishwa kidogo mbele, likazungushwa kwa kiganja na si kwa bega. Maji huutoa mchanga mwepesi kwenye ukingo taratibu, na kile kizito hubaki chini, katika kona, cheusi kwanza, kisha ndani ya weusi ule hutokea mstari mwembamba wa manjano. Wengi hawauoni mara ya kwanza. Sasa tazama picha, akasema. Nikatazama. Kidole gumba cha yule mama kilikuwa kimeyeyukia kwenye ukingo wa karai, haikujulikana kidole kinaishia wapi na bati linaanzia wapi. Na dhahabu, punje kubwa kubwa kama bisi, zilikuwa juu ya maji, zimeelea, zikimetameta kwa jua la jioni.

"Dhahabu inaelea?" akauliza mama mdogo. Akacheka hata akashika ukuta. "Laiti ingeelea, mwanangu, tungekuwa matajiri sote. Tungeiengua kwa kijiko."

Baba mdogo hakucheka. Alitoka nje, na baada ya muda akarejea na jirani yake, ambaye kazi yake ni ununuzi wa dhahabu, mtu mkimya mwenye kidoti cha asidi kwenye kila ukucha. Bwana huyo alinisalimu, akasikiliza habari yote, akatoa mfukoni lenzi ndogo ambayo huitumia kutazamia punje, akaibana jichoni na kuukaribia uso wa picha hata pua ikagusa. Kisha akanipa lenzi nami nitazame.

Sikuona rangi iliyopakwa. Niliona vidoti, vidoti maelfu kwa maelfu, vya buluu, vya waridi, vya manjano na vyeusi, vimepangwa karibu karibu, ambavyo jicho likiwa mbali huvichanganya na kuona ngozi ya mtu, maji na machweo. Ni vidoti vya mashine ya kuchapia. Juu yake ilikuwapo mistari minene ya brashi, ile niliyoipapasa dukani kwa kidole nikajiambia hakika huu ni mkono wa mtu. Lakini mistari ile ilikuwa ya gundi angavu, imepakwa kwa haraka kutoka kushoto kwenda kulia, bila kujali iwapo inapita juu ya shavu au juu ya wingu. Jirani aliigeuza picha, akatazama pande za fremu. Hapakuwa na tone la rangi lililomwagika, wala alama ya kidole.

"Umeuziwa shaba," alisema, akarudisha lenzi mfukoni.

Nilijilaumu zaidi kwa kuwa mimi si mgeni wa hila hizi. Nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na mbili. Nimeandika habari za wachongaji wa vinyago wa Mwenge, nikajua kwamba wapo wauzaji ambao huchukua kinyago cha mti mwepesi, wakakisugua rangi nyeusi ya viatu, wakamwuzia mtalii kwa jina la mpingo. Mafundi wenyewe ndio walionifundisha kwamba mpingo halisi huzama majini, na kwamba ukikwaruza chini ya kitako cha kinyago weusi haumaliziki. Elimu yote hiyo niliiacha nyumbani, kwa sababu sikudhani picha nayo ina kitako cha kukwaruza.

DAKIKA MOJA KATIKA SIMU

Palikuwa na mtu mmoja nyumbani ambaye hakushangaa, naye ni mdogo wangu, kitinda mimba wa baba mdogo, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuja likizo. Alitoka chumbani na simu yake, akaniuliza nataka aandike nini. Nikamwambia: mama wa Kiafrika akiosha dhahabu mtoni, jua linazama, ionekane kama imechorwa kwa rangi ya mafuta. Akaandika maneno hayo hayo. Haikupita dakika moja. Kwenye kioo cha simu walitokea akina mama wanne, kila mmoja na karai lake na machweo yake. Na wa pili, kwa kilemba na mwinamo wa shingo, alikuwa dada wa tumbo moja wa yule aliyetundikwa ukutani kwetu. Dhahabu yake nayo ilikuwa imeelea.

Ndivyo nilivyomfahamu yule binti yatima.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na jambo hili, nieleze kwa ufupi. Mitambo hii, ambayo wenyewe huiita akili mnemba, ilifunguliwa kwa watu wote hasa kuanzia mwaka 2022. Hulishwa picha zilizokusanywa kutoka intaneti pamoja na maelezo yake; mkusanyiko mmoja mashuhuri wa mwaka huo uliorodhesha picha zaidi ya bilioni 5. Katika wingi huo mtambo hujifunza kwamba neno "mto" huandamana na umbo la namna fulani, na "machweo" na rangi za namna fulani, kisha huweza kutunga picha ambayo haikuwapo. Umejifunza jinsi vitu vionekanavyo. Uzito wa dhahabu mkononi haukufundishwa na mtu. Waliochora au kupiga zile picha bilioni, walio wengi, hawakuulizwa.

Mdogo wangu alikuwa na hoja, na kwa kuwa baba yake alimsikiliza, nami sina budi kuziandika. Alisema yeye hutengeneza matangazo ya kwaya ya kanisa kwa njia hiyo, na kila mtu kanisani anajua, na hakuna aliyeibiwa. Alisema hata kamera ilipokuja wachoraji walilia. Akauliza: usiku wa jana, kabla mama hajasoma khanga, picha haikuwa nzuri?

Ilikuwa nzuri. Sitamkana kijana. Na huko duniani swali lake limewasumbua watu wazima. Agosti 2022, katika maonyesho ya jimbo la Colorado huko Marekani, Jason Allen alitunukiwa zawadi ya kwanza, dola 300, katika fungu la sanaa za kidijitali kwa picha iliyotungwa na mtambo uitwao Midjourney. Jina la mtambo alikuwa ameliandika kando ya lake. Ila waamuzi walisema baadaye kwamba hawakujua Midjourney ni kitu gani, ingawa hata wangalijua wangalimpa. Mwaka uliofuata, Aprili 2023, Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika mashindano makubwa ya upigaji picha ya Sony, kisha akaikataa zawadi mbele ya watu huko London, akisema picha yake ni ya akili mnemba na haifai kushindana na picha za kamera. Watu hao wawili waliyajibu maswali kwa namna mbili tofauti, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyebuni yatima.

MCHORAJI WA VIBAO

Alasiri baba mdogo alinipeleka kwa mchoraji. Sikujua kwamba Makongolosi inaye. Ni mtu wa umri wangu, hufanyia kazi chini ya mti nyuma ya karakana ya baiskeli, na mkono wake umo mji mzima ingawa hakuna amwonaye: kibao cha kinyozi, kibao cha mama ntilie chenye kuku aliye mnene kuliko kuku wote wa Chunya, onyo la hatari ya zebaki kwenye ukuta wa mwalo. Huchora pia picha za ukutani, kwa rangi ya mafuta juu ya ubao wa dari. Nilimwonyesha picha yangu. Hakuhitaji lenzi.

"Hizi nazijua," akasema. "Ziko nane pale gesti."

Mwenye gesti ile, alinieleza, alimwita mwaka jana amchoree picha za vyumba. Walikubaliana shilingi 60,000 kwa kila moja. Ubao na rangi humla kama 20,000, na kazi ni siku nne au tano. Alikwisha chora moja. Kisha mwenye gesti akaenda Mbeya, akarudi na nane kwa pamoja, akamwambia kwamba kuna binti yatima achoraye vizuri kumzidi, tena kwa bei nafuu ukinunua nyingi. Mchoraji alirudi nyumbani, akakaa wiki mbili hakushika brashi. Si kwa hasira ya fedha peke yake, alisema. Alikuwa akimfikiria yule binti. Alijiuliza mtoto asiyesoma anawezaje kuuchora mwanga wa jioni kwa ulaini ule, ilhali yeye ameuhangaikia miaka kumi na tano na hajaupata.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeibiwa shilingi 75,000, na kazi itarudisha. Mtu huyu aliibiwa imani ya mkono wake, na aliyemwibia hata jina lake halijui.

Yeye mwenyewe hana ubaya na kunakili. Ukutani kwake kulikuwa na chui wa madoa makubwa, ambaye kila Mtanzania anamjua ametoka wapi. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu mwaka 1972. Miaka minne tu. Na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, wakaanzisha chama chao cha ushirika cha Oyster Bay mwaka 1990, na chui yule akachorwa maelfu ya mara. Wananakiliana mchana kweupe, na kila mmoja hutia jina lake chini. Wapo pia waliotia jina la marehemu katika picha ambazo marehemu hakuzigusa, kwa kuwa jina lile lina bei. (Katika Wilaya ya Chunya iko kata iitwayo Lupatingatinga, na mchoraji wetu huapa kwamba wageni wawili wamekwisha mwuliza kama ndiko mzee alikozaliwa.) Nilimwuliza anaonaje tofauti.

"Huyu chui ni wa Tingatinga, lakini mkono ni wangu," alijibu. "Ukiniuliza nitakwambia. Yule wa dukani hakuulizwa, alisema mwenyewe."

Nikamwagizia picha. Mama akiosha dhahabu, ukubwa ule ule, shilingi 60,000, bila kupunguza. Akakubali kwa sharti moja ambalo sikulitazamia: aone kwanza jinsi karai linavyoshikwa, kwa kuwa yeye amechora mji huu wote lakini mtoni hajapata kuinama. Asubuhi ya siku ya tatu tulishuka mwaloni sote, mama mdogo akilalamikia magoti yake njia nzima. Alipofika majini hakulalamika tena. Aliinama, akazungusha, na mchoraji akapiga mistari ya kalamu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akafuta, akapiga tena. "Kiganja!" mama mdogo alimkemea. "Si bega, kiganja! Unanichora nikitwanga?" Jirani zake wa zamani walikusanyika kumtania. Mwisho mchoraji aliuliza khanga yake imeandikwa nini. Akasomewa, akaandika neno kwa neno, akahakikisha herufi. Msemo wenyewe una mafumbo ya ukewenza, siwezi kuuchapa katika ukurasa wa familia.

Niliondoka kabla rangi haijakauka. Itanifuata kwa gari.

Ila ile ya kwanza bado iko juu ya kabati. Usiku wa mwisho nilinyanyuka niitoe nikaitupe, kwa aibu, na baba mdogo akanizuia mkono.

"Iache. Umeniletea wewe, na uliibeba magotini. Ila hapa watu huingia, na mimi siwezi kukaa chini ya uongo." Akaniletea karatasi ya daftari la mdogo wangu na kalamu. "Andika wewe, mtu wa magazeti, mwandiko wako unasomeka."

Nikaandika: "Picha hii haikuchorwa kwa mkono. Imetengenezwa na mashine." Akasoma kwa sauti, akaridhika, akatafuta gundi. Mama mdogo akaita kutoka jikoni kwamba haijatosha. Nikaongeza mstari wa tatu kama alivyoamuru, kwamba dhahabu haielei, na baba mdogo akaibandika chini ya fremu, mkabala na mlango.